Vumbi la Karamoja na Nozeli ya Maji

Msafiri atokaye Mbale kwenda Moroto huuacha mlima Elgon nyuma yake, huupita mlima Kadam ukiwa upande wa kulia, na kuanzia hapo nchi hubadilika sura. Migomba hukoma ghafla, kana kwamba imekatazwa kuvuka mpaka. Nyasi huwa na rangi ya manyoya ya simba, miti huwa mifupi na yenye miiba, na mbingu huwa pana hata mtu aliyezaliwa katika vilima vya Kigezi hujiona kama amevuliwa kofia mbele za watu. Kutoka Nakapiripirit hadi Moroto njia ni ya lami, na gari huteleza bila taabu mpaka chini ya mlima Moroto wenyewe, ambao kilele chake kina mita 3,083 juu ya usawa wa bahari. Hapo wageni wengi hupiga picha, hula nyama ya mbuzi, na kurudi walikotoka wakisema kwamba wameiona Karamoja.

Sisi hatukurudi. Safari yetu ilikuwa ya Kotido na kisha Kaabong, na wakati tulipopita, njia hiyo ya kaskazini ilikuwa bado ya changarawe na udongo. Ndugu askari waliowahi kukaa huko kwa zamu wanaijua kuliko mimi. Wengi walikwenda katika miaka ya kukusanya silaha, na wengine katika operesheni iliyoanza mwaka 2021 ambayo ilipewa jina la Kiswahili, Usalama kwa Wote. Hao sina la kuwafundisha juu ya vumbi. Lakini jamaa zao waliobaki nyumbani, ambao huletewa sare za kufua zikiwa na rangi isiyojulikana, huenda wangependa kusikia jinsi vumbi hilo linavyoingia katika mambo ya watu.

Mimi ni mtumishi wa serikali katika ofisi ya elimu. Nilisomea ualimu, nikafundisha darasa la nne kwa miaka sita, kisha nikahamishiwa mezani; lakini dereva wetu hajakubali uhamisho huo na mpaka leo huniita Mwalimu. Yeye ni mtu wa Teso, mzee aliyebakiza muda mfupi kabla ya kustaafu, na mimi humwita Mzee kwa haki kabisa, kwa kuwa alianza kuendesha magari ya serikali nikiwa bado nachunga mbuzi wa bibi yangu. Tulikuwa na askari polisi wawili: koplo mmoja mwenye sauti nene, na konstebo wa kike aliyekuwa hajafika Karamoja hata siku moja. Nyuma ya gari, chini ya turubai, kulikuwa na masanduku ya vifaa vya mitihani ya darasa la saba, yamefungwa kwa kufuli. Ilikuwa mwanzo wa Novemba. Masanduku yalitakiwa yawe mikononi mwa polisi wa Kaabong kabla ya adhuhuri ya siku ya pili, wala katika karatasi niliyotia sahihi hapakuwa na nafasi ya kueleza udhuru.

Gari lilikuwa Land Cruiser, lile refu la kazi ngumu, na ingawa si jipya lilikuwa zima. Zima, isipokuwa jambo moja. Asubuhi tulipokuwa Mbale, Mzee aliniambia, "Mwalimu, maji ya kioo hayapandi. Nozeli ya upande wangu imekufa, na ya upande wako inatoa machozi tu."

Nikamwuliza, "Gari linatembea?"

"Linatembea."

"Basi tutatengeneza tukirudi."

Kisha nikafungua kitabu cha gari. Kila ofisi ina kitabu cha namna hii, chenye safu za kutia alama kabla ya safari: mafuta, maji ya injini, breki, taa, tairi la akiba, waipa na maji ya kioo. Nilizitia alama zote, moja baada ya nyingine, kama mwalimu mvivu anayesahihisha daftari bila kulisoma, nikaweka sahihi. Mzee alikuwa amesimama karibu yangu, akaiona kalamu ikipita. Hakusema neno.

Kwa wasomaji wasioendesha magari, nozeli ninayoitaja ni kile kidomo kidogo cha plastiki nyeusi kilicho juu ya boneti, mbele ya kioo, ambacho ukubwa wake haufiki nusu ya kidole gumba. Chini ya boneti kuna tangi dogo la maji. Chini ya tangi kuna pampu inayoendeshwa kwa umeme wa betri. Dereva akivuta kijiti kilicho karibu na usukani, pampu husukuma maji katika mpira mwembamba mpaka kwenye vidomo viwili, nayo hutoka kwa nguvu na kupiga kioo. Waipa hufuata na kufuta. Tundu la kidomo halizidi unene wa sindano ya kushonea, na katika tundu hilo dogo ndimo shida zote huanzia. Chembe moja ya mchanga hutosha kuliziba. Maji ya visima yenye chumvi nyingi ya mawe huacha ukoko mweupe ndani yake, kama ule tunaouona katika birika la chai. Nozeli ya Mzee ilikuwa imeziba hivyo, na kijana mmoja mwosha magari alipotaka kumsaidia aliichokonoa kwa waya mnene mpaka akaking'oa kile kigololi cha ndani kinachoelekeza maji. Tangu siku ile maji yalimwagika juu ya boneti na kuishia hapo.

Magari ya zamani hayakuwa na anasa hii. Land Rover za kwanza, ambazo zilianza kuonyeshwa kwa watu mwaka 1948 kule Amsterdam, zilikuwa na kioo ambacho mtu angeweza kukilaza chini juu ya boneti na kuendesha uso wake ukipigwa na upepo. Katika miaka ile Karamoja ilikuwa eneo lililofungwa na wakoloni, na mgeni hakuingia bila kibali. Maofisa walioingia walikula vumbi lao waziwazi. Mzee huzipenda sana habari za magari hayo, na husema kwamba watu wa zamani walikuwa na macho yenye ngozi.

Tuliondoka Moroto saa tisa alasiri, tukiwa tumechelewa kwa ajili ya tairi na kwa ajili ya mbuzi wa koplo, yaani yule aliyechomwa. Karamoja, tofauti na sehemu kubwa ya Uganda, ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, na ilipofika Novemba mvua zilikuwa zimekwisha kuaga. Udongo ulikuwa umesagwa na malori mpaka ukawa laini kama unga wa uwele. Gari likitangulia huliona vumbi lake kwa umbali mrefu sana, na likipita, vumbi husimama hewani kama pazia lisilo na mtu wa kulishusha. Tuliyapita malori mawili ya chakula. Baada ya lori la kwanza kioo kilikuwa cha rangi ya chai ya maziwa. Baada ya la pili tulikuwa tunaiona njia kama mtu anavyoona kupitia chandarua.

Konstebo aliuliza kwa nini Mzee asiwashe waipa hata bila maji. Swali zuri, na jibu lake wapaswa kulijua wote wanaotunza magari, wawe wa jeshi au wa nyumbani. Vumbi la huko lina mchanga mweupe ambao ni mgumu kuliko kioo chenyewe. Waipa kavu ikipita juu yake huukamata mchanga chini ya mpira na kuuburuta, na kila safari hukwaruza kioo kwa mistari myembamba ya upinde. Mchana mistari hiyo huionekani. Ngoja jua liwe chini, au gari lije na taa usiku, ndipo kila mkwaruzo hushika mwanga na kioo kizima huwaka weupe. Kioo cha namna hiyo hakitengenezeki tena. Hununuliwa kingine, na bei yake si ya kidomo.

Kwa hiyo tulisimama kukiosha kwa mkono. Tulikuwa na madumu mawili ya maji, lita ishirini kila moja, ya kunywa na ya kusaidia injini. Mara ya kwanza tulitumia robo ya dumu, mara ya pili zaidi ya hapo. Mara ya tatu tulisimama karibu na kisima cha pampu ya mkono, mahali ambapo wanawake na wasichana walikuwa wamepanga foleni ya madumu ya manjano yaliyozidi thelathini. Wengine walikuwa wamekaa kitako chini, dalili kwamba foleni ile haikuanza saa ile. Koplo alisema, "Hawa ni raia wema, tuombe dumu moja." Hakuna aliyemjibu. Nilichukua dumu letu, nikamwagia kioo mwenyewe, kwa kuwa mikono ya Mzee ilikuwa na grisi. Maji yalishuka yakiwa tope, yakapita juu ya boneti, yakaanza kudondoka kutoka kwenye bampa.

Msichana mmoja, wa umri wa wanafunzi wangu wa darasa la nne, alitoka katika foleni, akaweka bakuli la bati chini ya bampa. Alilishika kwa mikono miwili, akilisogeza kufuata matone. Lilipojaa nusu alilibeba taratibu mpaka kwa mwana-mbuzi aliyefungwa chini ya mti, na yule mwana-mbuzi akanywa tope lile mpaka mwisho. Konstebo alitazama pembeni. Mimi nilisimama na dumu mkononi, nikafanya hesabu ambayo mtu aliyepita chuo cha ualimu hawezi kujizuia kuifanya: nozeli nzima ingekiosha kioo kile kwa maji yasiyojaza kikombe, nasi tulikuwa tumekwisha kumwaga zaidi ya lita kumi.

Jua huzama huko kama saa kumi na mbili na nusu katika mwezi ule. Njia ya Kotido huelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo alasiri mwanga huingia kwa upande wa kushoto, na kila kona inayopinda magharibi humtia dereva jua la machoni. Tulikuwa tumebakiza maji ya kunywa tu. Nilikuwa nimesema tusisimame tena mpaka Panyangara. Nasema "nilikuwa nimesema" kwa sababu neno lilikuwa langu; Mzee alitaka tusimame, nami nikamwonyesha saa.

Kona ilipinda, kioo kikawa cheupe chote. Hakuna njia, hakuna miti, hakuna boneti. Mzee alikanyaga breki kabla ya mimi kuelewa sababu. Gari liliteleza juu ya changarawe, likakaa kimshazari, vumbi letu wenyewe likatufikia na kutupita. Katika ukimya ule tulisikia kengele ya ng'ombe, karibu sana.

Vumbi lilipotulia tuliona kwamba mbele yetu palikuwa na ndama sita au saba na mvulana mmoja, mwenye shuka begani na fimbo. Sijui umri wake. Labda miaka minane. Alikuwa ameweka kiganja chake juu ya boneti, si kwa kulisukuma gari, bali kama mtu anayemtuliza ng'ombe mkali. Kati ya kifua chake na bampa hapakuwa na nafasi ya kuweka kitabu. Kisha akazunguka mpaka upande wa dereva, akapanda kwenye tairi, akafuta kwa ncha ya shuka lake duara ndogo katika kioo, akachungulia ndani. Alitutazama mmoja mmoja. Akasema neno kwa lugha yake, ambalo hakuna miongoni mwetu aliyelifahamu, akashuka na kuwaswaga ndama wake.

Mzee alizima injini. Mikono yake ilibaki juu ya usukani. Baada ya kitambo alisema, "Mwalimu, mimi nimeendesha miaka thelathini na miwili sijagusa mtoto wa mtu." Hakusema zaidi, wala hakugeuka kunitazama. Ningependelea kama angenigombeza.

Maji ya kunywa tuliyamwaga yote kwenye kioo. Tulikwenda mwendo wa mtu anayekimbia polepole, koplo akiwa ametoa kichwa dirishani kama utingo wa lori, akipaza sauti kila alipoona mnyama au mtu. Tuliingia Kotido saa tatu usiku, midomo imekauka.

Masanduku yalilala kituo cha polisi, chini ya ulinzi. Uani mwa kituo palikuwa na mabaki ya gari lililopinduka, la aina moja na letu, na katika mwanga wa tochi koplo aliona kwamba nozeli zake zote mbili ni nzima. Alifurahi kama mtu aliyeokota noti. Lakini sajini wa zamu, mama mmoja mwenye miwani, alimwambia kwa upole, "Hicho ni kielelezo cha mahakama, Afande. Hata parafujo yake moja si yangu wala si yako." Koplo alipiga saluti, akaenda kulala. Naandika jambo hili kwa sababu watu hupenda kusema mengi juu ya polisi, na usiku ule mimi mwenyewe, niliyetia sahihi ya uongo asubuhi, nilikuwa tayari kabisa kung'oa kielelezo cha mahakama.

Alfajiri tulimtafuta fundi. Kotido ni mji wa Wajie, mji mdogo wa maduka ya mabati na upepo mwingi, na mafundi wake hufanya kazi chini ya miarobaini kando ya njia. Tulimpata kijana mmoja aliyejifunza ufundi Soroti. Nilimwamkia kwa neno moja la Kikaramoja nilijualo, "Ejok," naye akajibu kwa Kiswahili kizuri kuliko cha koplo. Hakukimbilia kubadili kitu. Kwanza alifungua boneti, akauchomoa mpira kwenye nozeli iliyokufa, akamwambia Mzee avute kijiti. Maji yakaruka kutoka kwenye mpira mpaka kwenye kofia yake.

"Pampu nzima," akasema. "Mpira mzima. Ugonjwa uko hapa mwisho tu."

Ndiyo njia sahihi ya kuchunguza, nami nairudia kwa faida ya wasomaji. Maji yakitoka kwa nguvu katika mpira uliochomolewa, kosa ni la nozeli. Pampu ikilia na maji yasitoke, tazama tangi kama lina maji, kisha tafuta uchafu katika chujio la chini ya tangi, au mahali mpira ulipokunjika. Pampu isipolia kabisa, anza na fyuzi kabla ya kumlaumu mtu au kununua pampu.

Duka la spea lilipofunguliwa tulipata nozeli moja tu iliyokaribia kufaa, ya gari la aina nyingine, kwa shilingi elfu kumi na tano. Nilizitoa mfukoni mwangu. Muuza duka alikuwa amekwisha risiti, akaniandikia kwenye kipande cha boksi la biskuti.

Nozeli hukaa katika tundu la boneti kwa masikio mawili ya plastiki yanayotanuka kwa chini. Fundi aliyabana masikio ya ile mbovu kwa koleo jembamba, akaisukuma kutoka chini kwenda juu, ikatoka bila kukwaruza rangi. Akalisafisha tundu kwa kitambaa. Mpya ilikuwa na shina jembamba kuliko tundu, ikawa inachezacheza kama jino la mtoto. Basi akakata duara ndogo katika tyubu ya baiskeli iliyochakaa, akaitoboa katikati, akaivisha nozeli kama kola, kisha akaibonyeza mpaka ikalia "ta!" na kutulia. Mpira wa maji ulikuwa umekauka kwa joto la injini na haukutaka kuingia. Mtu mwingine angeulazimisha, ukapasuka. Fundi aliuliza nani ana maji ya moto. Konstebo alikuwa na chupa ya chai; ncha ya mpira ikatumbukizwa katika kifuniko cha chupa chenye chai ya maziwa kwa muda wa kuhesabu mpaka sitini, ikalainika, ikaingia yenyewe.

Nozeli ya upande wangu, ile ya kutoa machozi, haikuhitaji kubadilishwa. Ilitolewa, ikalowekwa katika siki kidogo iliyoombwa katika mkahawa wa jirani, kwa kuwa siki huyeyusha ukoko wa chumvi ya mawe, kisha ikapulizwa kwa mdomo kutoka upande wa nje kwenda ndani ili uchafu urudi ulikoingilia. Konstebo alitoa sindano katika kifuko chake cha kushonea vifungo vya sare. Kwa sindano hiyohiyo fundi alizungusha vigololi vya nozeli zote mbili, kidogo kidogo, Mzee akivuta kijiti kila mara, mpaka maji yakapiga kioo juu kidogo ya katikati. Juu kidogo, alieleza, kwa sababu gari likikimbia upepo huyakandamiza maji chini. Ukilenga katikati gari likiwa limesimama, utakapokuwa njiani yataishia kwenye mpira wa waipa. Nilikuwa sijalijua jambo hilo katika maisha yangu yote.

Mwisho alimwaga maji yote ya tangi, yaliyokuwa na mchanga chini, akatutilia mengine aliyoyachuja kwa kitambaa cha leso na kuyatia matone machache ya sabuni ya maji. Alimkataza Mzee kutumia sabuni ya unga ya kufulia, kwa kuwa ile isiyoyeyuka vizuri huziba tundu upya. Akina mama wanaotayarisha gari la familia kwa safari ya kwenda kijijini wanaweza kufanya vivyo hivyo, na sindano ya nyumbani inatosha. Waya wa kuchomea nyama hautakiwi.

Kazi yote ilichukua dakika arobaini, na nusu ya hizo tulikuwa tunatafuta siki. Nilimwambia fundi "Alakara," naye akacheka matamshi yangu.

Kutoka Kotido kwenda Kaabong ni kilomita sitini na kitu, kaskazini moja kwa moja, katika nchi ya Wadodoth. Ni njia nzuri ya kutazama. Boma za watu zimezungushiwa miiba iliyofumwa kwa ustadi, milango yake ni mifupi hata mtu mzima huingia akiinama, na vilima vya mawe vinasimama peke yake katika uwanda kama vitu vilivyosahauliwa. Mbele zaidi ya Kaabong uko mlima Morungole wa Waik, na hifadhi ya Kidepo iliyofanywa ya taifa mwaka 1962, ambako watalii hupelekwa kwa ndege ndogo wasione vumbi. Sisi tuliliona vumbi. Malori yalikuwapo kama jana. Kila lilipopita moja, Mzee alivuta kijiti mara moja, maji yakaruka, waipa ikapita mara mbili, na nchi ikarudi mahali pake: njia, miti, mwanamke mwenye kuni kichwani, watoto wawili juu ya punda. Niliwaona wote kwa wakati. Koplo alilala.

Tulifika Kaabong saa tano asubuhi. Masanduku yalihesabiwa, kufuli zikakaguliwa, sahihi zikawekwa. Safari hii nilisoma kila mstari kabla ya kutia kalamu, mpaka ofisa mpokeaji akaniuliza kama kuna tatizo.

Siku ya nne, tukirudi, nilimwomba Mzee apunguze mwendo kabla ya kona ile. Alikuwa amekwisha kupunguza. Mvulana alikuwapo, mbali kidogo na njia, na ndama wake. Nadhani ndiye, maana mashuka yao hufanana. Tulisimama. Alikuja mpaka karibu, akatazama kioo, akanyoosha kidole kwenye duara alipokuwa amefuta siku ile, ambapo sasa hapakuwa na alama yoyote. Mzee akavuta kijiti. Kwa kuwa gari lilikuwa limesimama na nozeli imelengwa kwa ajili ya mwendo, maji yalipiga juu, na matone machache yakavuka ukingo wa kioo yakamwangukia usoni. Aliruka nyuma, kisha akaangua kicheko, akasogea tena na kutoa ulimi nje. Mzee alivuta mara ya pili. Konstebo alimpa dumu dogo la maji safi tulilolijaza Kotido, akalipokea kwa mikono miwili.

Ofisini nilifungua kitabu cha gari penye ukurasa wa siku ile ya Mbale. Nilikata alama yangu kwa mstari mmoja, nikaandika pembeni: "Si kweli. Nozeli ya kulia ilikuwa imevunjika nami niliambiwa. Imebadilishwa Kotido." Nikatia sahihi na tarehe. Mhasibu amekataa kunirudishia shilingi elfu kumi na tano kwa sababu risiti ni kipande cha boksi la biskuti, na mkuu wangu ameniita kueleza maneno "si kweli" katika kitabu cha serikali. Nitakwenda Jumatatu. Mzee amesema atakuja nami.